Nani Alilichukua? Tahakiki ya Namna Mtoto wa Iringa na Mbeya Anavyotambulishwa Ujerumani

Ikisiri

Tahakiki hii inachunguza namna nchi ya Ujerumani inavyosimuliwa kwa watoto katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hususani Iringa na Mbeya. Matini zinazohakikiwa ni za aina mbili. Ya kwanza ni maandishi ya Kiswahili yaliyoisimulia Ulaya tangu mwishoni mwa karne ya 19. Ya pili ni maeneo ya kumbukumbu, ambayo mtoto huyasoma kwa macho yake na kwa maelezo ya mkubwa anayefuatana naye. Hoja kuu ni kwamba usimulizi wa kawaida humtaja Mjerumani kuwa mtenda panapohusika jengo, na humwacha bila jina panapohusika jeraha. Kwa sababu hiyo mtoto hukua na Ujerumani mbili zisizokutana: moja ya kupendeza iliyo mbali, na nyingine iliyo karibu isiyo na mwenyewe. Tahakiki inapendekeza kwamba utambulisho wa nchi hiyo uanzie Kalenga, Tukuyu na Rungwe, na kutoka huko ufuate nyayo hadi Bremen, Langenburg, Herrnhut na Berlin.

1.0 Utangulizi

Vitabu vingi vinavyokusudiwa kumjulisha mtoto nchi ya Ulaya hufuata mpango mmoja. Huanza na ramani na bendera, hupitia mji mkuu, huorodhesha majengo mashuhuri, kisha hufunga kwa vyakula na sikukuu. Ikiwa nchi yenyewe ni Ujerumani, mtoto huoneshwa Lango la Brandenburg mjini Berlin, kanisa kuu la Köln na kasri la Neuschwanstein. Mpango huu una faida: ni mwepesi kufuata, na humpa mtoto picha za kukumbuka. Kasoro yake ni kudhani kwamba msomaji anaanza safari mikono mitupu.

Dhana hiyo haimfai mtoto wa Nyanda za Juu Kusini. Kila asubuhi huenda shule, na neno hilo limetokana na Schule la Kijerumani. Akimwomba mzazi hela, anataja bila kujua sarafu ya heller, ambayo utawala wa Kijerumani uliianzisha mwaka 1904. Katika masimulizi ya wazee hukutana na Mdachi, jina la zamani la Mjerumani. Kwa hiyo Ujerumani imo kinywani mwake kabla haijawa kitabuni. Mwalimu anayeanza na Lango la Brandenburg humfanya mtoto huyu kuwa mgeni mahali ambapo kwa kweli ana historia.

Lango lenyewe ni mfano mzuri. Lilikamilika mwaka 1791, na kitabu cha watoto huweza kusema hivyo na kuendelea. Lakini mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, katika mtaa wa Wilhelmstraße, ndipo ulipofanyika Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, ambao mwanafunzi wa Tanzania atafundishwa baadaye katika somo la historia. Jengo hujifunza katika umri mmoja na mkutano katika umri mwingine, wala hakuna anayemwambia kwamba vilikuwa jirani.

Swali linaloongoza tahakiki hii ni hili: katika kumtambulisha mtoto nchi ya Ujerumani, nani anatajwa kuwa mtenda, na ni wapi mtenda huyo anapopotea katika sentensi? Ni swali la sarufi, lakini majibu yake yanagusa maadili.

2.0 Desturi ya Kiswahili ya Kuisimulia Ulaya

Kiswahili hakikungoja vitabu vya watoto ndipo kiisimulie Ulaya. Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1890, aliandika habari za mji huo, na maandishi yake yakachapishwa katika mkusanyiko wa C. G. Büttner mwaka 1894. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa Safari za Wasuaheli, ambamo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia akifuatana na Mjerumani Bumiller. Ndani ya kitabu hicho hicho zimo pia habari za safari ya Nyasa. Yaani, ziwa wanaloliona watoto wa Kyela na Matema liliwekwa katika jalada moja na theluji ya Siberia, likasimuliwa kwa lugha moja na kwa jicho lile lile la msafiri.

Nguvu ya maandishi haya ni nafsi ya msimulizi. Msafiri ndiye anayeona, ndiye anayeshangaa, ndiye anayepima mji wa wageni kwa mizani ya kwao. Nguvu hiyo hata hivyo ina mpaka. Matini hizi zilihaririwa na Wajerumani na kuchapishwa Ujerumani, na wasomaji wao wa kwanza walikuwa Wajerumani waliojifunza Kiswahili. Habari za Berlin zilizoandikwa kwa lugha ya pwani zilisomwa zaidi na watu wa Berlin. Mhakiki hana budi kukumbuka jambo hilo anapokutana na sifa nyingi kupita kiasi.

Kielelezo kilichokomaa zaidi kinahusu nchi nyingine. Mwaka 1931 Martin Kayamba alikuwa mmoja wa Waafrika watatu wa Tanganyika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu muungano wa nchi za Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata alichapisha Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Anwani hiyo pekee ni somo la uhakiki. Ina vitenzi viwili, kuona na kufanya, na vyote vimebeba kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi. Msafiri wa Kayamba hakwenda kutazama majengo tu. Alikwenda na shauri la nchi yake, na majengo aliyaona akiwa njiani kulitekeleza. Vitabu vya watoto vya siku hizi vimebakiza kitenzi cha kwanza na kuacha cha pili. Mtoto anaalikwa kuona; haalikwi kuwa na shauri lolote.

Mfano wa mwisho ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli (1903), na alifundisha Kiswahili Berlin. Alioa mwanamke Mjerumani, na mwaka 1905 walipofika Dar es Salaam pamoja, serikali ya kikoloni ilikataa wasishuke melini kama mume na mke. Walirudi Ujerumani, na Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Kwa mtoto, maisha haya yanaeleza mambo mawili ambayo kitabu cha majengo hakiwezi kuyaeleza kwa pamoja: kwamba mtu wa kwetu aliweza kuwa mwalimu katika mji mkuu wa Ulaya, na kwamba serikali ya nchi hiyo hiyo ilimfungia mlango wa kwao.

3.0 Iringa: Mtenda Anayeonekana na Mtenda Anayefichwa

Jina Iringa linahusishwa na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Ngome hiyo ilikuwa Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa. Mtoto anayepelekwa ziara ya masomo katika eneo hili hukutana na maeneo matatu makubwa: mnara wa Lugalo, makumbusho ya Kalenga na Boma la Iringa. Kila eneo ni matini, na kila moja lina sarufi yake.

Lugalo ndipo jeshi la Wahehe lilipolishambulia jeshi la Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo, tarehe 17 Agosti 1891. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Mnara uliopo ulisimamishwa na Wajerumani kuwakumbuka maofisa wao. Hapa mtoto anasoma ushindi wa babu zake kwenye jiwe la walioshindwa. Msimulizi asipomwonesha kinaya hicho, huondoka akidhani kila mnara humsifu aliyeshinda. Tena, akiambiwa tu kwamba Wahehe waliwapiga Wajerumani, hatajua kwamba wengi katika kikosi hicho walikuwa Waafrika: askari Wasudani, Wazulu na wengineo, pamoja na wapagazi. Neno Wajerumani limefunika watu ambao hawakuwahi kuiona Ujerumani.

Kalenga ilivamiwa na kutekwa tarehe 30 Oktoba 1894, chini ya Gavana Friedrich von Schele. Mkwawa alipigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne zaidi, akisakwa na Tom von Prince, hadi alipojiua kwa risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Kichwa chake kilikatwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani kulikabidhi fuvu lake kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Sharti hilo halikutimizwa kwa wakati. Juni 1954 Gavana Edward Twining alilikabidhi Kalenga, mbele ya Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge, fuvu lililotolewa katika makumbusho ya Bremen.

Usimulizi wa kawaida kwa watoto hufupisha yote haya kwa sentensi mbili: Fuvu lilipelekwa Ujerumani. Fuvu lilirudishwa mwaka 1954. Vitenzi vyote viwili viko katika kauli ya kutendwa, na hakuna hata kimoja chenye mtenda. Kosa si kauli yenyewe. Kiswahili kinampa msemaji njia nyepesi ya kumtaja mtenda katika kauli hiyo hiyo kwa kiunganishi na: lilichukuliwa na fulani. Kinachofanyika ni kuikata sentensi kabla ya neno hilo. Lakini kitenzi kurudisha hakikubali kunyamazishwa kabisa. Kitu hakirudi kama hakikuondoka, na kuondoka kwa fuvu kulikuwa na mikono. Kila mtoto makini anayesikia lilirudishwa atauliza: nani alilichukua? Msimulizi asiye na jibu amemfundisha nusu ya kitenzi.

Linganisha na Boma la Iringa. Jengo hili la enzi ya Kijerumani, lililokusudiwa kuwa hospitali ya jeshi, lilifunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Kuhusu jengo kama hili sentensi ya kawaida hubadilika ghafla: lilijengwa na Wajerumani. Hapa kiunganishi na kimerudi mahali pake, na mtenda ametajwa kwa fahari. Hata hivyo, maofisa hawakubeba mawe wenyewe. Mikono iliyobeba imeachwa nje. Ndiyo kusema, palipo na jengo Mjerumani ni mtenda na Mwafrika hayupo. Palipo na jeraha Mwafrika ni mtendwa na Mjerumani hayupo. Mizani hii haikupangwa na mtu mmoja kwa makusudi. Imejengeka kwa mazoea ya lugha, na ndiyo sababu uhakiki wa lugha unahitajika kuivunja.

4.0 Mbeya: Majina Yaliyosafiri

Ukanda wa Mbeya unaleta historia ya aina nyingine. Mji wa Mbeya wenyewe ulikua wakati wa Waingereza, hivyo alama za Kijerumani hutafutwa kusini yake, Rungwe na ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kituo cha utawala cha Wajerumani kandokando ya ziwa kiliitwa Langenburg, na kilipohamishiwa mlimani, Tukuyu ikapewa jina la Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Langenburg ya asili ni mji mdogo wenye kasri kusini-magharibi mwa Ujerumani, na jina hilo lilitumiwa kumheshimu Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa rais wa chama cha ukoloni cha Ujerumani.

Kwa mwandishi wa vitabu vya watoto hii ni hazina. Kasri la Langenburg si mashuhuri kama Neuschwanstein, lakini kwa mtoto wa Tukuyu lina uzito zaidi, kwa sababu jina lake liliwahi kubandikwa juu ya kwao. Humo mna maswali anayoyaweza: kwa nini mtu huhama na jina la kwao? Mahali palikuwa na jina gani kabla yake? Ni nani waliolikataa jina jipya hata la zamani likarudi?

Rungwe kuna uhusiano wa namna nyingine. Wamisionari wa Moravian walianzisha kituo chao hapo mwaka 1891, mwaka ule ule wa Lugalo. Walitumwa kutoka Herrnhut, mji mdogo wa Saksonia ulioanzishwa mwaka 1722 katika ardhi ya Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Mwaka 2024 Herrnhut iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Leo Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye Wamoravian wengi zaidi duniani. Mtoto wa Rungwe akisikia jina la Herrnhut kanisani hasikii jina la ugenini. Anasikia jina la ukoo wa imani ya nyumbani kwao.

Pia hapa usimulizi wa kawaida una kasoro, ingawa ni kinyume cha ile ya Iringa. Katika masimulizi ya misheni mtenda hutajwa kwa jina, kwa mwaka na kwa sifa. Wanaopungua ni wenyeji: waliompokea mgeni, waliomfundisha lugha, waliotafsiri na kuhubiri vijiji kwa vijiji. Ni wao walioifanya imani hiyo ikue kuipita Herrnhut yenyewe. Mtoto anayeambiwa kwamba wamisionari walileta elimu apewe pia sentensi ya pili: wazee wetu waliwafundisha kusema.

5.0 Kufuata Nyayo Hadi Ujerumani

Mkabala unaopendekezwa hapa hauwanyimi watoto majengo mashuhuri. Unabadili mlango wa kuingilia. Anayeanzia Kalenga atafika Bremen, mji wa bandari wenye makumbusho ambamo fuvu lilichaguliwa. Hapo hapo ataona tembo mkubwa wa matofali, aliyezinduliwa mwaka 1932 kuusifu ukoloni na ambaye watu wa Bremen wenyewe baadaye waligeuza maana yake awe mnara wa kuupinga. Mtoto atajifunza kwamba jiwe halibadiliki lakini usomaji wake hubadilika, somo lile lile la Lugalo.

Atakayefika Berlin ataona katika Makumbusho ya Historia ya Asili mifupa ya dinosaria mwenye kimo cha takribani mita 13, iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Ataona pia mtaa wa Neukölln uliokuwa ukiitwa kwa jina la Hermann von Wissmann. Mtoto wa Kyela ana haki ya kulijua jina hilo, kwani meli iliyoteremshwa Ziwa Nyasa mwaka 1893 iliitwa hivyo. Mwaka 2021 mtaa huo ulipewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa Mtanzania. Jina lililosafiri kutoka Berlin hadi Nyasa limefutwa Berlin, na mahali pake limewekwa jina lililosafiri kutoka Tanzania. Hakuna kasri linaloweza kumfundisha mtoto utamaduni wa Ujerumani ya leo kuliko kibao hicho cha mtaa.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba kumtaja mtenda kutapanda chuki. Hoja hii inastahili heshima, kwa kuwa mwalimu hutaka kujenga amani. Lakini kinachopanda chuki ni jina la jumla. Mtoto anayesikia Wajerumani walimkata kichwa humchukia kila Mjerumani. Anayesikia kuhusu kikosi fulani, chini ya ofisa fulani, katika mwaka fulani, hujifunza kuwajibisha. Zaidi ya hayo, tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha mjini Songea kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani katika Vita vya Majimaji. Mtoto aliyefundishwa historia isiyo na mtenda atalielewaje tendo hilo? Msamaha huombwa na mtu, kwa tendo, kwa mtu. Pakikosekana mtenda katika sentensi ya kwanza, msamaha katika sentensi ya pili unakosa maana.

Pingamizi la pili linahusu ukweli wenyewe. Fuvu la Bremen lilichaguliwa miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vile vya jamaa za Mkwawa, na wanahistoria wamehoji kama ndilo. Je, mtoto aambiwe? Naam, na Kiswahili kinatoa njia ya staha. Badala ya fuvu la Mkwawa, msimulizi aseme fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa. Neno moja la urejeshi linabeba uaminifu wa kitaaluma bila kuvunja heshima ya Kalenga. Tena linafungua jambo zito zaidi: kama hili lilichaguliwa miongoni mwa mengi, yale mengine yalikuwa ya nani?

7.0 Hitimisho

Tahakiki imeonesha kwamba tatizo la kumtambulisha mtoto wa Iringa na Mbeya nchi ya Ujerumani si uhaba wa habari. Habari ziko Lugalo, Kalenga, Tukuyu na Rungwe, na ziko katika maandishi ya Kiswahili ya zaidi ya karne moja. Tatizo ni sentensi zilizokatwa. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoletwa na mtaala ulioboreshwa na linalofundishwa kwa Kiswahili, linawapa waandishi na walimu nafasi ya kuzikamilisha, kwa kuwa sasa mtoto anaisoma historia hii kwa lugha ambayo viambishi vyake anavimudu.

Inapendekezwa kwamba waandishi wa vitabu vya ziada waoanishe kila alama ya Ujerumani na mahali pa hapa. Kwamba waelekezi wa ziara za masomo wamalizie sentensi za kutendwa kwa kumtaja mtenda. Na kwamba watafiti wa fasihi ya watoto wazisome upya safari za Salim bin Abakari na Kayamba kama vielelezo vya nafsi inayoona na kutenda. Mtoto akiuliza Kalenga nani alilichukua, ajibiwe. Akishajibiwa, atakuwa tayari kulitazama Lango la Brandenburg na kuuliza kwa adabu ni nini kingine kilichokuwa karibu nalo.